Bima Zinazokufa Kabla ya Wenyewe

Profesa Rowan Strickley alikuwa na tabia ya kulamba kidole gumba kila alipotaka kufunua ukurasa. Angeweza kusoma kwenye kompyuta kama wenzake wote wa ghorofa ya tano, lakini alipenda karatasi, na alipenda kuzisoma huku anakula. Mwanafunzi wake wa uzamivu, Fuatino Leavasa, alikuwa akirudishiwa sura za tasnifu yake zina madoa ya mayai pembeni, na mwanzoni hakuona ubaya. Alijiambia kwamba mtu anayesahau hata kujifuta mdomo ni mtu aliyezama katika kazi yako.

Fuatino alikuwa Msamoa wa Logan, kusini mwa Brisbane, Australia. Alilelewa na shangazi yake, Penina, aliyemtoa Apia, kwao Samoa, akiwa bado mtoto wa kubebwa. Penina alifagia wodi za hospitali mpaka mgongo ukamkatalia, ndipo akahamia kazi ya mdomo: kuuza bima ya mazishi kwa Wasamoa wenzake, mlango kwa mlango, kwa niaba ya kampuni iitwayo Tarnbrook. Fuatino naye alikaa dirishani benki miaka kadhaa, akasoma jioni, akapata shahada kwa alama za juu, na hatimaye shule ya biashara ya chuo kikuu, iliyo kando ya mto, ikampa nafasi ya kusomea udaktari wa fedha. Siku mchungaji alipolitangaza kanisani, watu walisimama wakapiga makofi. Baada ya ibada vikongwe wawili walimfuata uani kumwonyesha magoti yao yaliyovimba.

"Mimi siyo daktari wa namna hiyo, mama," alisema.

"Kwani goti ni goti la namna gani?" mmoja akamjibu, huku akijipandishia sketi amwonyeshe.

Nusu ya ufadhili wake ilitoka Tarnbrook. Strickley ndiye aliyeupanga. Kwenye usaili Fuatino alitaja kwamba shangazi yake ni wakala wa kampuni hiyo, na profesa akainuka kitini kama mtu aliyeona teksi usiku wa mvua. "Wateja wengi wa bima hii ni watu wa visiwani," alisema. "Sisi hapa tunaziona namba tu. Wewe unawajua wenyewe."

Na kweli aliwajua. Alijua kwa nini Msamoa anayepanga chumba hununua bima ya mazishi kabla ya kununua kitanda. Akifa mtu, ndugu watapanda ndege kutoka Auckland na Apia, watakuja na mikeka ya fahari, na wote watalishwa nguruwe na kurudishwa kwao na makasha ya nyama ya kopo. Kumzika mtu kwa unyonge ni jambo ambalo watoto wako watasimuliwa. Basi watu walikatwa pesa kila wiki mbili, mwaka baada ya mwaka. Lakini wengi hawakufika mwisho. Kazi ilikatika, mtoto aliugua, malipo yakaruka mara moja, mara mbili, na bima ikafa. Kila walichokwisha kulipa kilibaki kwa kampuni.

Hilo ndilo alilolichagua Fuatino: bima zinazokufa kabla ya wenyewe. Alitengeneza modeli ya kumpa kila mteja alama, ili ijulikane mapema ni nani anakaribia kushindwa. Wazo lake lilikuwa jepesi. Kampuni ikijua mapema, impumzishe mteja miezi michache asilipe, kisha aendelee. Sura nzima ya nne aliitumia kuonyesha jinsi jambo hilo linavyowezekana bila kampuni kufilisika.

"Vizuri sana," Strickley alisema. "Nia njema kama hiyo iweke kwenye utangulizi. Wahariri wanaipenda."

Mwaka wa tatu modeli ilifanya kazi kupita matarajio ya kila mtu. Wanaolipwa kwa vibarua viwili vitatu, wanaohamahama nyumba, wenye jamaa wengi mezani, wote iliwatambua. Na kulikuwa na dalili moja aliyoigundua Fuatino peke yake, iliyomfanya aruke mbele ya kompyuta hadi Behrang, mwenzake wa meza ya pili kutoka Tehran, akadhani ameumwa na buibui. Waliofiwa karibuni walinunua bima haraka kuliko watu wote, tena ile ya bei ya juu, na ndio waliokuwa wa kwanza kushindwa kuilipa. Uchungu ulikuwa ukiwanunulia kitu ambacho mishahara yao haikuweza kukibeba.

"Hiyo peke yake ni udaktari," Behrang alimwambia. "Mimi nina mwaka wa nne hapa, nimegundua tu kwamba kahawa ya ghorofa ya pili ni nafuu."

Jumapili moja ya Juni, baada ya ibada, Fuatino alikwenda kula kwa shangazi yake kama kawaida. Meza ilijaa: magimbi, nyama ya nguruwe ya kuokwa, majani yaliyopikwa kwa tui zito, tambi za sosi. Penina alikuwa amevaa gauni jeupe la kanisani na kofia bado iko kichwani, ishara kwamba ana habari ya kusimulia.

"Mwanangu, mwezi huu nimeuza mpaka aibu," alianza. "Yule Mkoa-mzima, meneja wetu, kanipigia mwenyewe kunipongeza."

"Hongera, Shangazi. Umebadili maneno?"

"Maneno yale yale. Ofisi ndiyo imepata akili. Zamani tulikuwa tunabisha mlango wowote, unatukanwa na mbwa na mwenye mbwa. Siku hizi wanatuelekeza. Mwenye kazi ya kudumu, achana naye. Mfuate yule anayefanya vibarua huku na huku. Yule aliyehama juzi. Mwenye nyumba iliyojaa wajukuu." Alijiongezea magimbi. "Na zaidi ya wote, waliofiwa. Wamesema tusingoje tanga liishe. Nenda na keki yako, lia nao kidogo, halafu ongea."

Fuatino alikuwa na kipande cha nyama mdomoni. Mafuta yake yaliganda ulimini ghafla.

"Nani kasema hivyo?"

"Ofisi, nimekwambia. Kuna mtaalamu wao kawatengenezea kitu. Ati kinawajua watu kuliko mchungaji." Penina alicheka. "Mbona huli? Nyama ngumu?"

"Nzuri, Shangazi." Alimeza kwa nguvu, kama anavyomeza mgonjwa. Walipoosha vyombo aliongelea mvua.

Kesho yake alimfuata Strickley ofisini. Profesa alikuwa na mkate wake wa mayai mkononi.

"Rowan, modeli yangu inatumika?"

"Natumaini! Tumewapelekea Tarnbrook tangu Machi. Iko kwenye mkataba wa ufadhili, ulitia sahihi."

"Inatumika kuwatafuta watakaoshindwa kulipa. Ndio wanaouziwa kwanza."

Strickley aliuweka mkate chini. Fuatino alitarajia ashtuke, au walau ajifanye ameshtuka. Alichokiona usoni mwake ni furaha.

"Kweli? Nani kakwambia?"

"Shangazi yangu."

"Aa, yule wa mauzo! Safi sana. Sasa unaona? Wanafunzi wengi hapa wanamaliza na hakuna anayesoma walichoandika ila mama zao. Wewe kazi yako iko barabarani tayari, hujavaa hata joho."

"Tuliandika kwamba ni ya kuwasaidia."

"Tuliandika kwamba inaweza kusaidia." Alisema kwa upole, kama anamfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Kampuni ikijua nani ataacha, ina njia mbili. Imsaidie asiache, au ifurahi akiacha. Ipi ina faida zaidi? Hilo ni swali la utafiti, Fuatino. Siyo swali la kanisani."

Chembe ya yai ilikuwa imemganda kwenye mdomo wa chini. Kila aliponena ilipanda na kushuka. Fuatino alijaribu kumtazama machoni akashindwa, macho yake yakirudi kwenye ile chembe.

"Na wewe unalipwa nao?"

"Kila mtu kwenye korido hii anashauri kampuni fulani. Data haianguki kutoka mbinguni." Alichukua mkate tena. "Alhamisi tunakula mchana nao. Njoo. Brett Callinan, mkuu wa mauzo, anataka sana kukuona."

Fuatino alirudi mezani kwake akamweleza Behrang. Behrang alisikiliza huku akizungusha kalamu.

"Dada yangu, nenda ukale chakula chao," alisema. "Maliza, upate cheti, upate jina, ndipo useme. Sasa hivi ukisema, nani atakusikia? Mimi visa yangu inaisha Desemba. Hata nikikohoa hapa nakohoa kwa adabu."

Akaenda. Ulikuwa mgahawa wa kando ya mto, wenye vitambaa vyeupe mezani, na ndege kwarara mmoja mchafu akizungukazunguka miguuni mwa wateja akiokota mabaki. Brett Callinan alikuwa mtu mkubwa, mwekundu, mchangamfu. Alimsalimu Fuatino kwa Kisamoa alichojifunza likizoni, kisha akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kumbe ndiye wewe! Nilidhani utakuwa kijana wa miwani asiyeoga. Karibu, kaa. Kula, yote ya kampuni."

Chaza waliletwa juu ya barafu, wakaja na kamba wakubwa. Callinan aliwavunja kamba vichwa na kuvifyonza kwa sauti. Strickley alikula taratibu, akitazama mto.

"Nikwambie siri ya biashara yetu?" Callinan alisema. "Mteja anayefika mwisho ni hasara. Anakufa, tunalipa. Mteja mtamu analipa miaka mitatu, minne, halafu maisha yanamchosha, anaacha kimyakimya. Hapigi simu kulalamika, kwa sababu anaona aibu. Watu wenu wana aibu nzuri sana."

"Aibu nzuri," Fuatino alirudia.

"Nzuri kabisa! Wazungu wenzangu wakikosa dola mbili wanaita televisheni." Alijipangusa vidole. "Lakini lile la waliofiwa, hilo ndilo lililoniua. Miaka yote sisi tulikuwa tunawapa nafasi, mwezi, miezi miwili, kwa heshima. Kumbe ndio wakati wenyewe! Mwaka huu mauzo ya Logan yamepanda mpaka makao makuu wameuliza kama kuna kosa."

"Mtu akikwama, mngeweza kumsimamishia malipo kwa muda," Fuatino alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Nimepiga hesabu zote. Ziko kwenye sura ya nne."

Callinan alimgeukia Strickley. "Kuna sura ya nne?"

"Ipo, ipo," Strickley alisema, akacheka kidogo puani. "Ya kitaaluma zaidi."

Fuatino aliinamisha macho akaona sahani yake. Ilikuwa imejaa magamba matupu. Muda wote huo alikuwa anakula. Tena chaza walikuwa watamu, wabichi, wenye limau, na alikuwa amekula wengi kuliko wanaume wote wawili. Alihisi chumvi yao kwenye ufizi, akahisi utelezi wao kooni, akatambua kwamba mtu anaweza kupatwa na kinyaa kwa mdomo wake mwenyewe. Aliomba radhi, akaenda chooni, akajitazama kwenye kioo muda mrefu bila kutapika. Aliporudi walikuwa wameagiza kahawa na wanazungumzia bei za nyumba za pwani.

Siku iliyofuata alimkuta Penina jikoni kwake anapika keki, ile ya kupeleka matangani. Fuatino alimwambia yote, akiwa amesimama mlangoni na mkoba begani. Alimwambia kwamba yule mtaalamu ni yeye. Alimwambia kile kitu kinawachagua watu wa namna gani, na kwa nini.

Penina hakugeuka. Aliendelea kukoroga.

"Nani alinunua sare zako za shule?" aliuliza.

"Wewe, Shangazi."

"Nani alilipa vitabu vyako vile vizito, kimoja bei ya friji? Nilivilipa kwa kuuza nini, mandazi?" Mwiko uligonga bakuli. "Leo umevaa viatu vya mjini unakuja kunambia mikono yangu michafu."

"Sijasema yako. Yangu."

"Mimi nilijua wengine wataacha. Kila wakala anajua. Ndivyo dunia ilivyo, wengine wanafika na wengine hawafiki. Sikujua kwamba natumwa kwao *kwa sababu* hawatafika." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mjane wa Tauiliili nilimuuzia wiki ile ile ya mazishi. Alinishukuru. Alinifungia chakula."

Fuatino aliweka mkoba chini. Penina alitia keki kwenye oveni, akapangusa mikono kwa aproni, akavuta kiti, akakaa mkabala naye kama watu wanavyokaa mbele ya daktari.

"Na mimi? Mimi nina ya kwao, unajua. Nilikuwa mteja kabla sijawa wakala. Nipe alama."

"Shangazi, achana na hayo."

"Nipe. Si unajua kuwahesabu watu? Nihesabu."

"Sina haja ya kukuhesabu."

"Mshahara wangu unaingia vipi?"

"Kwa kamisheni," Fuatino alisema.

"Watu wanaokula hapa?"

"Wengi."

"Nyumba nimehama lini?"

"Mwaka jana."

"Na tulimzika nani Pasaka?"

Walikuwa wamemzika Ioane, kaka yake Penina, baba wa vijana watatu ambao sasa walilala sebuleni kwake. Wiki iliyofuata Penina alikuwa ameiongeza bima yake kutoka ya kawaida hadi ile kubwa. Aliijaza fomu mwenyewe, kwa kalamu ya kampuni, na kujilipa kamisheni.

"Ni ya juu, eh?" Penina aliuliza.

"Ya juu sana," Fuatino alisema.

Keki iliungua siku hiyo, na hakuna aliyeinuka kuiepua. Penina alikaa akitazama ukuta, mdomo umepinda kama mtu aliyeuma kitu kilichooza na hajapata mahali pa kutemea. "Kumbe mimi nimejiuzia mwenyewe," alisema. "Na nikalia nikijiuzia."

Semina ya mwisho ya Fuatino, ile ambayo mwanafunzi hutetea kazi yake mbele ya idara kabla ya kuwasilisha tasnifu, ilikuwa mwezi wa Agosti. Chumba kilijaa. Maprofesa wa idara hiyo walijulikana kwa kumkatiza mtu kabla hajamaliza kutaja kichwa cha habari, na kuna mwanafunzi aliyewahi kutoka humo akaenda moja kwa moja kituo cha treni asionekane tena. Fuatino alieleza swali lake, data yake, modeli yake. Walimkatiza kama kawaida, akajibu, wakaridhika. Strickley alikaa mstari wa mbele, miguu ameinyoosha.

Ndipo alipofika kwenye sehemu ambayo Strickley hakuwa ameiona.

"Modeli hii inatumika tangu Machi," alisema. "Inatumika kuwachagua watu watakaoshindwa kulipa, ili wauziwe. Mawakala wanatumwa nyumba zenye msiba kwa sababu mimi niligundua kwamba wenye msiba hushindwa upesi. Kampuni inayotufadhili ndiyo inayofanya hivyo, na msimamizi wangu anajua. Sura ya nne, inayoonyesha njia ya kuwasaidia, hawajaisoma."

Strickley alikunja miguu. Fuatino alingoja. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa kufukuzwa, hata kwa kuzomewa.

Profesa mmoja wa nyuma aliinua kalamu. "Hao wa kwenye msiba, umetenganisha athari ya kipato na athari ya msiba wenyewe? Maana inaweza kuwa ni umaskini tu."

"Samahani?"

"Kitakwimu, namaanisha."

Mwingine, mwanamke aliyesifika kwa ukali, aliegemea mbele macho yakimng'aa. "Lakini ngojeni. Kama kampuni ilianza kuwalenga Machi, basi tuna kabla na baada! Hilo ni jaribio la asili, limejifanya lenyewe. Fuatino, hiyo ni makala ya pili hiyo! Una data ya mauzo mapya?"

"Brett anaweza kutupatia," Strickley alisema, akipumua. Rangi ilimrudia.

Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, kwa furaha, kuhusu njia bora ya kupima. Mtu aliinuka akachora ubaoni. Hakuna aliyekasirika. Hakuna hata aliyemwona mwongo. Walimwamini kila neno, na kila neno lilikuwa kwao kama nyama iliyodondoshwa bandani mwa mbwa. Fuatino alisimama mbele yao ameshika kidude cha kubadilishia picha, na kile kinyaa cha mgahawani kilimjaa upya. Alimtafuta Behrang kwa macho. Behrang alikuwa anatazama viatu vyake.

Baadaye kulikuwa na divai na jibini kwenye korido, kama ilivyo desturi. Strickley alimjia na glasi mbili.

"Umenitisha kidogo pale," alisema. "Lakini umeona ulivyowashika? Futa ile sehemu kwenye tasnifu, kwa sababu ya mkataba wa siri, na Novemba wewe ni Dokta Leavasa. Ukiiacha, Tarnbrook wataondoa data, na bila data huna tasnifu. Chukua glasi."

"Sinywi, Rowan. Umenisimamia miaka mitatu na hujui kwamba sinywi."

Alichukua koti lake akashuka kwa ngazi.

Hakuifuta ile sehemu. Tarnbrook wakaiondoa data, sura tatu zikabaki maneno matupu, na shule ikampa cheti cha shahada ya uzamili kama mtu anavyopewa maji ya kunywa njiani. Alilalamika kwenye kamati ya maadili ya utafiti. Walimjibu kwa heshima kubwa kwamba utafiti ulipata vibali vyote, na kwamba kinachofanywa na mfadhili baada ya hapo hakimo katika mamlaka yao. Alipeleka malalamiko kwa mamlaka ya serikali inayosimamia bima, akakaa ofisini kwao akijibu maswali, na Penina akaenda kuketi pembeni yake akiwa na kofia ya kanisani. Penina ndiye aliyewaeleza habari ya keki. Alieleza bila kujitetea, na msichana aliyekuwa akiandika maelezo yao akaacha kuandika.

Ulipita mwaka na ushee. Mwishowe Tarnbrook walitangaza kwamba wanaacha, kwa hiari yao, kuuza mlango kwa mlango, na wakawarudishia baadhi ya wateja sehemu ya pesa zao. Mjane wa Tauiliili alirudishiwa. Wengine wengi hawakujitokeza kudai, kwa aibu. Bidhaa ikabadilishwa jina na kuuzwa kwa simu. Callinan alipandishwa cheo akahamia Sydney.

Ile makala ya kabla na baada ilitoka kwenye jarida kubwa, lile ambalo mtu akiingia humo mara moja anaalikwa maisha yake yote. Strickley na Behrang ndio waandishi. Behrang alimfuata Fuatino Woodridge, alikokuwa ameanza kazi, kabla haijatoka, akasimama mbele yake na boksi la tende kutoka kwao.

"Nilihitaji ile visa," alisema.

"Najua."

"Jina lako limo kwenye shukrani. Nilidai lisikosekane."

"Waambie waliondoe."

"Fuatino..."

"Liondoeni, ndugu yangu. Sitaki kushukuriwa kwa kitu kile." Tende alizichukua, kwa sababu Behrang alikuwa karibu kulia, na kwa sababu zilitoka kwa mama yake.

Strickley mwenyewe aliandika barua kuthibitisha kwamba jina limetolewa. Alimtakia heri katika safari yake. Hakukuwa na neno la uchungu ndani yake, na hilo ndilo lililomkera Fuatino zaidi ya matusi ambayo angeweza kumwandikia.

Siku hizi Fuatino anafanya kazi Woodridge, kwenye ofisi ya ushauri wa bure kwa watu waliobanwa na madeni, chumba kimoja kati ya duka la samaki na fundi simu. Penina huja mara mbili kwa wiki kuwatafsiria wazee, na huwagombeza zaidi ya kuwatafsiria. Juzi tu simu iliita wakati wanakunywa chai. Alikuwa kijana wa shule ya biashara, sauti tamu, anaandaa somo jipya la maadili katika fedha. Wamesikia habari zake. Wangependa aje kuongea na wanafunzi wa uzamivu, saa moja tu. Somo limefadhiliwa na makampuni kadhaa ya bima, alisema, kwa hiyo kutakuwa na chakula cha mchana.

"Yapi?" Fuatino aliuliza.

Kijana aliyataja. La pili lilikuwa Tarnbrook.

Fuatino alisema hapana, asante, akakata. Penina alikuwa amesikia, maana simu ile sauti yake ni kubwa.

"Na wanalipa?" aliuliza.

"Vocha ya vitabu."

Penina aliweka kikombe chini taratibu. Ni mwanamke wa heshima, shemasi wa kanisa, ambaye hajawahi kuonekana akitema mate mbele ya watu. Aliinuka, akafungua mlango wa nyuma, na Fuatino akamsikia akitema huko nje kwenye majani, kwa nguvu, mara mbili. Kisha akarudi, akajifuta mdomo kwa leso, akamwita mzee aliyekuwa anangoja zamu yake.